Mtihani wa CDL (leseni ya malori ya Marekani) Daraja A, mwenye lori kaniletea kichwa kitupu, eti "kwani ulisema na tela?"

Wakuu, nimetoka kwenye kituo cha mtihani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mkiona herufi zimerukana mnisamehe, mikono inatetemeka kwa hasira.

Mnamjua. Jina silitaji, sina haja. Hakuna Mswahili anayetafuta leseni ya malori huku Marekani ambaye hajasikia "usijali, lori lipo" kutoka kwenye mdomo ule. Ndiye huyo huyo.

KICHWA KITUPU, wakuu. Kwenye mtihani wa Daraja A. Nyuma hakuna kitu, upepo tu.

Pamiti, kile kibali cha kujifunzia, ninayo, siku 14 za lazima zilishapita zamani. Mafunzo nimemaliza na chuo kimeniingiza kwenye mfumo wa serikali, maana tangu Februari 2022 bila hiyo hakuna anayekutahini. Kilichobaki ni gari. Na gari la mtihani unakuja nalo mwenyewe, kituo hakikupi hata spana. Lori la chuo lina foleni ya wiki sita. Ndipo nikampigia huyu bwana: kaka, nataka lori la mtihani wa Daraja A. Usijali. Nikamtumia dola 250. Usijali. Juzi nikampigia tena kuulizia usajili, bima na karatasi ya ukaguzi wa mwaka. Usijali mdogo wangu, kila kitu kipo. KILA KITU!

Wiki tatu nimelala na karatasi ya hatua za kukagua lori kifuani. Breki za upepo nazisema usingizini, mke wangu ni shahidi: injini imezimwa, kanyaga pedali, shikilia dakika nzima, geji isishuke zaidi ya PSI 4, kipimo cha mgandamizo wa upepo. Nne! Gari lisilo na tela ni 3. Mimi nilikariri nne kwa sababu najua naenda kutahiniwa NA TELA.

Mtihani saa mbili asubuhi. Shemeji kanishusha pale saa moja. Saa mbili kasoro dakika tano nakiona kinaingia getini. Nikajua tela linafuata, bado linakata kona. Nikangoja. Kona ikaisha. Kichwa kikaja kikasimama mbele yangu chenyewe. Ile sahani ya kuunganishia tela iko wazi, grisi nyeusi imekauka, jani la mti limenasa katikati. Mipira ya upepo, mwekundu na wa bluu, imetundikwa nyuma ya kichwa, haina pa kwenda.

Nikamuuliza, kaka, tela liko wapi?

Akashuka taratibu. Ana kijiti mdomoni, anachokonoa meno. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema:

"Kwani ulisema na tela?"

Wakuu. Kwani ulisema na tela. Mtu ana leseni hiyo hiyo ya Daraja A mfukoni, anakula kwayo, anasomesha watoto kwayo! Mtoto wa chekechea ukimpa penseli achore lori, anachora na tela!

Mtahini akatoka, mama mmoja mpole, kashika ubao wake wa karatasi. Akazunguka nyuma ya kichwa, akasimama pale pale tela lingeanzia, akatazama hewa. Akaniambia Daraja A ni gari pamoja na tela, uzito wa jumla kuanzia paundi 26,001, na tela lenyewe lizidi paundi 10,000. Langu halikuwa na hata paundi moja. Akafuta. Sijafungua boneti, sijagusa honi, sijaziona hata zile koni za rivasi. Nafasi nyingine ni baada ya wiki tano.

Na yeye? Yuko pembeni na kijiti chake. Namdai hela yangu, ananijibu, "Lakini si nimekuja? Mafuta yangu je?"

Halafu shemeji alishaondoka. Nimerudi nyumbani ndani ya kichwa kile kile, dakika arobaini, nimekaa na huyo mtu bega kwa bega. Njiani ananiambia, "Siku nyingine uwe unafafanua."

NIFAFANUE. Nifafanue nini? Kwani ulisema na tela!

Dola 250 nazitaka na nitazipata.

Bi Usukani:
Pole sana kaka. Huyo namjua, na nusu ya mnaosoma hapa mnamjua. Mimi aliniletea na tela, ila taa ya breki ya kushoto imekufa. Mtahini akasema gari hili haliingii barabarani. Yeye yuko pembeni: "Si taa moja tu dada?"

Mla Lami:
Mkuu, nisaidie kuelewa. Ulimwambia na tela au hukumwambia?

Mwenye uzi:
NILIMWAMBIA DARAJA A.

Mla Lami:
Kwa hiyo hukumwambia na tela.

Mwenye uzi:
Mla Lami, kama umetumwa sema umetumwa. Daraja A bila tela umeiona wapi?

Mla Lami:
Nimeiona leo kwenye uzi wako hahahaha.

Mzee wa Rivasi:
Dogo pole, ila nikuambie ukweli. Lori la mtihani unalionaje kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani? Hata lingekuja na tela, hujui linavyokata kona, hujui breki zake zinashika wapi. Sisi tulikuwa tunalirudisha nyuma siku tatu nzima mpaka shingo inauma ndiyo tunakwenda.

Bi Usukani:
Mzee, lori linakaa barabarani wiki nzima linatafuta hela, hizo siku tatu za kufanyia mazoezi unazipata kwa nani?

Kipande cha Chuma:
Afadhali nyie mmefutiwa. Mimi shemeji yangu alinipa lori la otomatiki. Nikafaulu ukaguzi, nikafaulu rivasi, nikafaulu barabarani, nikapewa na mkono wa hongera. Leseni inafika, naona herufi E. Maana yake gia za mkono siruhusiwi. Alijua! Hakusema hata neno moja. Hatusalimiani mpaka leo.

Pamiti Mpya:
Habari za humu. Nimepata pamiti jana, nataka kufanya mtihani Ijumaa. Huyo kaka mwenye kichwa mnaweza kunipa namba yake?

Mla Lami:
Kaa siku 14 kwanza. Halafu ukimpigia anza na salamu, kisha sema na tela.

Bi Usukani:
Kipande, E si msiba. Makampuni mengi siku hizi yana otomatiki. Msiba ni L, mtu anafanya mtihani na lori lisilo na breki za upepo, anatoka na leseni isiyomruhusu kugusa lori lenye breki hizo. Sasa utaendesha nini?

Mzee wa Rivasi:
Otomatiki si lori. Ni friji lenye usukani. Dereva anayepanda mlima bila kushika gia ni abiria.

Bi Usukani:
Mzee, mimi "abiria" nina miaka sita barabarani na goti langu la kushoto halijawahi kuuma. La kwako likoje?

Mzee wa Rivasi:
Goti langu tuliache.

Mwenye uzi:
Wakuu, mtu kaniletea KICHWA KITUPU na nyie mnaongelea magoti?

Kipande cha Chuma:
Mimi bado niko kwa shemeji. Ile E unaweza kuiondoa, ila unarudia mtihani na lori la gia za mkono, yaani unaanza upya kutafuta lori. Nikimuuliza analo la gia, anasema analo. Miaka miwili analo, sijaliona.

Mla Lami:
Shemeji yupi, yule wa lori jeupe?

Kipande cha Chuma:
Huyo huyo. Na jeki yangu hajarudisha.