Vyuo vya Marekani vinagawa viti Desemba, sisi tunaambiwa tuombe Januari

Wakuu, heshima kwenu. Wenye watoto darasa la 11 huku Marekani, na wenye ndugu nyumbani wanaojipanga kuomba vyuo vya huku, naomba msome hadi mwisho. Msimu mpya unafunguliwa Agosti, na nimechoka kuona watu wa kwetu wanafika mlangoni wakati viti vimeshagawiwa.

Binti yangu amepata majibu yake ya mwisho. Chuo alichokitaka kuliko vyote kimemkataa. Kukataliwa kupo, na kwa hilo peke yake nisingefungua uzi. Ninachokasirikia ni kwamba alituma fomu zake Januari, ndani ya tarehe waliyoitangaza wenyewe, na wakati huo zaidi ya nusu ya viti vya mwaka wa kwanza ilikuwa imekwenda. Ilikwenda katikati ya Desemba, kwa watoto waliotuma maombi kabla ya Novemba 1 na kusaini kwamba wakipokelewa ni hapo hapo, hawaendi pengine. Na kwenye kikao cha wazazi cha Oktoba, mama mmoja alimuuliza afisa udahili wa chuo hicho, kwa sauti, kama kuomba mapema kunamwongezea mtoto nafasi. Afisa akajibu kwamba kila faili linasomwa kwa kipimo kilekile. Nilikuwepo, nilimsikia.

Kwa walioko nyumbani, nieleze. Mfumo unaitwa Early Decision, huku kila mtu anasema ED. Mwanafunzi anachagua chuo kimoja tu, anasaini yeye, mzazi anasaini, kaunsela wa shule anasaini. Jibu linatoka Desemba. Akipokelewa, anafuta maombi yake kote kwingine. Kuna ED ya pili pia, fomu Januari na jibu Februari. Halafu kuna maombi ya mapema yasiyofunga, ambayo mtoto anapata jibu mapema lakini ana hadi Mei 1 kuamua. Hayo sina neno nayo. Fikirieni utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu kwetu Tanzania: mtu anaomba vyuo kadhaa, akipokelewa zaidi ya kimoja anathibitisha anachokitaka, na dirisha la pili likifunguliwa vyuo vinatangaza programu zenye nafasi. Una malalamiko yako kuhusu TCU, najua, hata mimi ninayo. Lakini hawakuombi uahidi kabla hujajua utalipaje.

Huku wanakuomba hivyo. Na hapo ndipo familia kama yangu inapoachwa nje. Vyuo kadhaa vya binafsi, gharama ya mwaka mmoja, ada na chumba na chakula, imeshapita dola 90,000. Mimi na mke wangu tunafanya kazi wote wawili na hatuna uwezo wa kulipa hata nusu ya hiyo. Kinachoamua kama mtoto anasoma ni msaada ambao kila chuo kitatoa, na vyuo viwili vyenye bei moja kwenye tovuti vinaweza kukuandikia ofa zinazopishana kwa maelfu ya dola. Utajuaje? Unaomba vingi, unasubiri barua za Machi, unaziweka mezani moja baada ya nyingine. Ukiwa na ujasiri unampigia simu afisa wa misaada wa chuo kimoja unamwonyesha alichoandika mwenzake. Kwetu hakuna anayenunua hata gunia la mkaa bila kuuliza kwa jirani linauzwaje. Ndiyo maana tulisubiri Januari, na ndivyo anavyosubiri kila mzazi anayehesabu shilingi yake. Anayeweza kusaini Novemba bila kulinganisha ni yule ambaye bei yoyote itakayotajwa haimtishi.

Nisikilizeni hapa. Hii si bahati mbaya ya binti yangu. Watafiti walichambua takwimu za udahili za vyuo vikubwa na kutoa matokeo mwaka 2003: kuomba mapema kulikuwa na uzito sawa na kuongeza takriban alama 100 kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo. Wakati huo mtihani ulikuwa wa alama 1,600. Sisi tunalala macho, mtoto anafanya mazoezi usiku kucha apandishe alama 40, na mwenzake anapata 100 kwa sahihi ya baba yake. Chuo kama Penn (University of Pennsylvania) hujaza karibu nusu ya darasa lake kwa ED, na kuna vyuo vinavyozidi hapo. Halafu wanakwambia kipimo ni kilekile.

Kwa nini wanaupenda mfumo huu? Kwa sababu chuo kinachopokea mtoto wa ED kina uhakika atakuja. Wale wa mzunguko wa kawaida, chuo kinaweza kupokea mia kikapata thelathini, kwa sababu nao wamepokelewa kwingine. Ukijaza viti mapema kwa watu waliokwisha kuahidi, unahitaji kutoa barua chache za kukubali baadaye, asilimia ya wanaopokelewa inashuka, chuo kinaonekana kigumu kuingia, na mwaka ujao watu wanakikimbilia zaidi. Na ofisi ya fedha inajua mapema ni wangapi watalipa kamili. Faida zote hizo ni za chuo. Sijaona hata moja ya mtoto, ukiacha kwamba wachache wanalala usingizi Krismasi.

Na vyuo vyenyewe vinajua ubaya wake, msiambiwe vinginevyo. Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kufuta udahili wa mapema, na sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo ninayolalamikia: unawafaidi waliokwisha kufaidika. University of Virginia nayo ikafuta. Wakasubiri wengine wafuate. Wengine hawakufuata, na mwaka 2011 Harvard na Princeton wakaurudisha, ingawa kwa namna isiyofunga. Virginia ikarudisha hata ED yenyewe mwaka 2019. Virginia Tech walifuta ED mwaka 2023, na nawapongeza. Lakini upepo unavuma upande mwingine: University of Michigan, chuo cha umma, chuo cha kodi za watu, wameanzisha ED kwa waombaji wa msimu wa 2025. Cha umma! Kama vyuo vya majimbo navyo vinaanza kumpa kipaumbele anayeahidi kabla ya kujua bei, mtoto wa mfanya usafi na wa dereva wa lori atakimbilia wapi?

Kabla ya 2019 angalau chama cha maofisa udahili, NACAC, kilikuwa na kanuni ya kuzuia vyuo kutoa vivutio maalumu kwa waombaji wa ED. Wizara ya Sheria ikasema kanuni kama hizo zinaua ushindani, chama kikaziondoa Septemba 2019. Agosti 2025 wanafunzi wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho Massachusetts dhidi ya vyuo 32, wakidai kwamba ED yenyewe ndiyo inayoua ushindani, kwa sababu vyuo vinaheshimiana na havimgusi mtoto aliyekwisha kusaini kwingine, hivyo havishindani kwa msaada. Naombea waendelee hadi mwisho.

Kuna atakayekuja hapa kusema: "Mkuu, ED si kifungo, msaada usipotosha unaachiliwa." Najua. Imeandikwa. Lakini nani anaamua kwamba umetosha? Chuo kinapiga hesabu kwa fomula yake, kinakwambia unaweza kulipa kiasi fulani, na wewe huna barua nyingine mkononi ya kumwonyesha kwamba wenzao wamehesabu tofauti. Muda wa kujibu ni mfupi. Kaunsela wako anakuangalia kwa jicho la wasiwasi kwa sababu jina la shule liko kwenye karatasi. Na wasiwasi wake una msingi: msimu wa 2025 Tulane ya New Orleans iliifungia shule moja ya Colorado isilete waombaji wa ED kwa mwaka mzima, kisa mwanafunzi wa mwaka uliotangulia alijitoa. Adhabu imewaangukia wadogo zake ambao hawakusaini chochote.

Mwaka 2023 ndio ulikuwa wa aibu kabisa. FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1, ilifunguliwa siku za mwisho za Desemba. Majibu ya ED yalikuwa yameshatoka. Kwa ED, vyuo vingi havikusogeza tarehe.

Hayo ya makaunsela nayo yaniumiza. Chama chao kinashauri kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250. Wastani wa nchi ni zaidi ya 370. Shule za kulipia zina mtu anayemjua mtoto kwa jina tangu darasa la 9 na anayempigia simu afisa udahili wakaongea. Kwenye shule ya watoto wangu, neno ED tulilisikia kwa mara ya kwanza darasa la 12 likiwa limeshaanza. Familia za kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zilizoletwa Kentucky na Ohio, ambazo mzazi ndiyo kwanza anajifunza Kiingereza, nani amewakalisha chini akawaeleza tarehe ya Novemba 1 ina maana gani?

Walioko nyumbani nao wana yao. Novemba 1 kijana wa Kenya yuko katikati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, bweni, bila simu. Na kwa waombaji wa nje ni vyuo vichache tu ambavyo havimpunguzii mtu alama kwa kuwa anahitaji msaada. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin wamo. Pengine pote uwezo wako unapimwa, na kadiri mfuko wa msaada unavyopungua ndivyo anayeomba mwishoni anavyopimwa kwa ukali zaidi. Kwa hiyo anayeomba Januari anakuta viti vichache na pesa chache kwa pamoja.

Kwa mdogo wake binti yangu, ambaye yuko darasa la 11, hatutangoja tena kuambiwa. Wenye kipato kidogo utazameni mpango wa ufadhili wa QuestBridge: fomu inafungwa mwishoni mwa Septemba, majibu Desemba 1, na mtoto anayepangiwa chuo anapata ufadhili kamili wa miaka minne, wanaosoma sekondari hapa Marekani wanaruhusiwa hata kama si raia. Maombi ya mapema yasiyofunga tumeni yote mnayoweza. Na kila chuo kinachopokea fedha za msaada wa serikali kinalazimika tangu 2011 kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kaeni na karatasi zenu za kodi mkijaze kabla ya mtu yeyote hajawaletea karatasi ya kusaini.

Sasa naomba kitu kimoja kwenu. Kama kuna mzazi humu aliyesaini ED, msaada ukaja mdogo, akaomba kuachiliwa, aandike hapa alivyofanya: aliwaandikia nini, walimjibu baada ya muda gani, shule ilisimama upande gani. Msitaje jina la mtoto. Chuo tajeni au msitaje, hiari yenu. Nataka tuwe nazo hizo habari kabla ya Agosti.