Kiolezo cha Linux kwenye Proxmox: ISO kwa mkono, imeji ya klaudi, au Packer?

rakimbili (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Chuoni tuna seva mbili za Proxmox VE 8 (mfumo wa kuendesha mashine pepe), kila moja na diski zake za ndani za LVM-thin (LVM ni njia ya kugawa diski kwa sehemu zinazoweza kukuzwa baadaye), hakuna hifadhi ya pamoja. Kila muhula natakiwa kutoa mashine pepe kwa wanafunzi wa somo la mitandao, na nyingine chache za ofisi. Mpaka leo nasakinisha Debian 12 moja moja kutoka kwenye ISO, na kazi imenichosha. Nataka kiolezo kimoja safi, nikikloni mashine iwake na jina lake, IP yake, basi.

Masharti yangu: /var (saraka ya logi na data za programu) iwe pembeni na ndani ya LVM, maana wanafunzi wanajaza diski mpaka mashine inagoma kuwaka. Pili, intaneti ya hapa si ya kuiwekea dhamana. Nimesoma kuhusu njia tatu: kusakinisha kutoka ISO kwa mkono kisha kusafisha, kuchukua imeji ya klaudi iliyo tayari, au kumwachia Packer (programu ya kujenga imeji kiotomatiki) aifanye yote. Mlio kwenye kazi hii mnatumia ipi?

Binti_Terminali

Imeji ya klaudi, sina hata mjadala. Faili la genericcloud la Debian 12 halifiki MB 500, tayari lina cloud-init ndani (programu inayoipa mashine jina, mtumiaji na IP inapowaka mara ya kwanza). Unalishusha, unalipima kwa orodha ya SHA512SUMS iliyo kwenye saraka ileile, halafu kwa qm, amri ya Proxmox ya kusimamia mashine pepe:

`qm create 9000 --name deb12 --memory 2048 --net0 virtio,bridge=vmbr0 --scsihw virtio-scsi-pci`
`qm set 9000 --scsi0 local-lvm:0,import-from=/root/debian-12-genericcloud-amd64.qcow2`
`qm set 9000 --scsi1 local-lvm:cloudinit --boot order=scsi0`
`qm set 9000 --serial0 socket --vga serial0`
`qm template 9000`

Angalia hapo nimeweka diski ya cloudinit kwenye scsi1. Mafunzo mengi yanasema ide2, na kwa genericcloud ndipo watu wanapokwama: kerneli yake imepunguzwa madereva, haioni diski hiyo, mashine inawaka bila mtumiaji wala IP. Ukitaka ide2, chukua imeji ya "generic" yenye kerneli ya kawaida. Na ile ya "nocloud" iache kabisa kwa kazi hii, root yake haina nywila.

Pakeji za ziada unaziingiza kwenye faili lenyewe kabla ya amri hizo za qm, kwa virt-customize iliyo ndani ya libguestfs-tools:

`virt-customize -a debian-12-genericcloud-amd64.qcow2 --install qemu-guest-agent --timezone Africa/Dar_es_Salaam --truncate /etc/machine-id`

MzeeNetinst

Binti amesema vizuri ila amelikwepa swali. Mleta mada anataka /var pembeni ndani ya LVM. Imeji ya klaudi ya Debian ina patisheni moja ya mzizi na vijipatisheni vya kuwashia, hakuna LVM. Unaweza kuhamisha /var baadaye, lakini huko ni kubomoa ukuta wa nyumba uliyohamia jana. Ukitaka mpangilio wako wa diski, ISO ndiyo mahali pake.

Nashauri netinst (ISO ndogo ya Debian inayovuta pakeji mtandaoni). Tengeneza mashine ya UEFI (OVMF na diski ya EFI), si BIOS ya zamani. Sababu ni hii: kwenye BIOS kisakinishi cha Debian kinaweka sda1 ya /boot, kisha LVM inakaa sda5 ndani ya patisheni ya nyongeza sda2. Siku ukiongeza diski unakuza sda2 kwanza, halafu sda5. Kwenye UEFI inatumika GPT, LVM inakaa patisheni ya mwisho, unakuza moja tu. Na wale wanaochagua mpangilio wa kawaida usio na LVM, swapu inawekwa nyuma ya mzizi, kwa hiyo growpart (amri ya kukuza patisheni) inagonga mwamba hapo hapo.

Ukimaliza kusakinisha: `apt install cloud-init qemu-guest-agent cloud-guest-utils`. Cloud-init itakuza mzizi wa kawaida, ila mzizi ulio ndani ya LVM usiutegemee ukue wenyewe. Pvresize na `lvextend -r` uziandike mwenyewe kwenye runcmd (orodha ya amri ambazo cloud-init inaziendesha).

kijana_wa_Nakuru

Kabla hatujajenga LVM, hebu tuulize /var inajazwa na nini? Debian 12 ukiisakinisha upya haiji na rsyslog, logi ziko kwa journald (huduma ya logi ya systemd), na huyo anajiwekea kikomo mwenyewe: asilimia 10 ya mfumo wa faili, na hapiti GB 4. Kama shida ni logi za mfumo, imeisha yenyewe. Pengine boss hauhitaji /var pembeni hata kidogo.

rakimbili

@kijana_wa_Nakuru hoja nzuri, lakini wangu wanacheza na Docker na MariaDB. Vyote viko /var/lib, na hapo journald hana mamlaka.

kijana_wa_Nakuru

Hapo sawa, nimekubali. MzeeNetinst ameshinda raundi hii.

Ila niongeze onyo kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na Ubuntu. Ubuntu Server ukiisakinisha kutoka ISO, kisakinishi chake chenyewe kinatumia cloud-init, na kikimaliza kinaacha faili /etc/cloud/cloud.cfg.d/99-installer.cfg lenye `datasource_list: [None]`. Ukikloni hapo, cloud-init haiangalii kabisa diski uliyoiweka Proxmox, na wewe unabaki unalaumu Proxmox. Kwenye 22.04 kuna na jingine, subiquity-disable-cloudinit-networking.cfg, linalozima upande wa mtandao. Yafute yote mawili, na faili la netplan (mipangilio ya mtandao) lililoachwa na kisakinishi, ndipo ugeuze kuwa kiolezo. Halafu ukichagua LVM ya moja kwa moja, Ubuntu haitumii kundi lote la LVM, inaacha nafasi pembeni. Watu wanadhani diski imepotea.

SalimT

Samahanini, mimi mgeni kidogo kwenye haya. Mnasema "kusafisha". Kusafisha nini hasa? Mimi nasakinisha, nazima, nakloni, zinafanya kazi.

MzeeNetinst

Karibu mwanangu. Zinafanya kazi, ndiyo hatari yenyewe.

La kwanza ni /etc/machine-id. Kloni zote zikibeba ileile, systemd-networkd inatengeneza kitambulisho chake cha DHCP kutoka humo, kwa hiyo mashine mbili zenye MAC tofauti zinaweza kupewa IP moja. Kwenye Ubuntu Server utalikuta mapema sana. Usilifute faili, lifanye tupu: `truncate -s 0 /etc/machine-id`. Litajazwa upya mashine ikiwaka.

La pili, funguo za SSH za mashine, /etc/ssh/ssh_host_*. Zikibaki, kila mwanafunzi mwenye root kwenye kloni yake ana ufunguo wa siri unaomwezesha kujifanya mashine ya mwenzake, na SSH haitapiga kelele. Zifute. Lakini kama hukuweka cloud-init, Debian haitakutengenezea mpya, sshd itakataa kuwaka na utabaki nje. Hapo andaa huduma ndogo ya systemd inayoita `ssh-keygen -A` kabla ya ssh kuanza.

Baada ya hayo: `cloud-init clean --logs`, `apt clean`, futa historia ya bash, `fstrim -av` ili LVM-thin irudishiwe nafasi (diski iwe imewekwa discard=on), zima. Usiiwashe tena kabla ya `qm template`, maana ukiiwasha vyote vinazaliwa upya. Ipo virt-sysprep inayofanya mengi ya haya kwa mpigo mmoja mashine ikiwa imezimwa, lakini ijue kwanza inafuta nini.

SalimT

Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Jioni hii naenda kuangalia machine-id zangu.

DevOps_Mwanza

Mmemsahau Packer. Ubaya wa njia ya MzeeNetinst ni kwamba ipo kichwani mwa MzeeNetinst. Akiondoka kazini, hakuna anayejua kiolezo kilijengwaje. Packer na plagini yake ya Proxmox anaanza na ISO ileile, anabonyeza vitufe kwenye skrini ya kuwashia kwa niaba yako, anampa kisakinishi faili la preseed (majibu ya maswali yake yaliyoandikwa mapema) kupitia HTTP, anasubiri SSH, anaendesha skripti za usafi, anageuza kuwa kiolezo. Yote yameandikwa, yanakaa kwenye git.

Kasoro zake: mashine inayojengwa lazima iifikie kompyuta unayoendeshea Packer, na fayawoli za maofisini hapo ndipo zinapokata. Seva ikiwa nzito, vitufe vinabonyezwa kabla menyu haijatokea, inabidi uongeze boot_wait. Na tangu Agosti 2023 HashiCorp waliihamishia leseni ya BUSL, si programu huria tena kwa maana kamili. Kwa chuo haikuzuii kitu, lakini wapo wanaojali.

Binti_Terminali

Kwa kiolezo kimoja cha Debian? Packer ni mzigo. Preseed ndiyo inayofanya kazi yote hapo, na preseed haimhitaji Packer. Weka faili kwenye seva yoyote ya wavuti ya ndani, kwenye menyu ya netinst fungua mstari wa kuwasha, andika `auto=true priority=critical url=http://…/preseed.cfg`, nenda kanywe chai. Umepata kumbukumbu ya maandishi anayoitaka DevOps, na mpangilio wa diski anaoutaka mzee.

Kuhusu bando: weka apt-cacher-ng (inatunza pakeji zilizokwisha kushushwa) kwenye mashine moja, porti 3142, uiandike kama proksi ndani ya preseed. Ujenzi wa kwanza ndio utakaokula intaneti, wa pili unavuta ndani kwa ndani.

DevOps_Mwanza

Sina ugomvi na hilo. Ukifikia violezo vitano ndipo urudi kwangu 😄

Swali la pembeni kwa mleta mada: seva zako ni za mwaka gani? Nauliza kwa sababu mwanafunzi mmoja lazima atadai Rocky (Linux ya ukoo wa Red Hat). Rocky 9 inataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, na Proxmox 8 imeweka x86-64-v2-AES kama chaguo la kawaida ukiunda mashine kwenye ukurasa wake wa wavuti, hapo salama. Rocky 10 inataka v3, yaani AVX2. Xeon E5 v2 hazina, hata ukiweka aina ya CPU kuwa "host".

rakimbili

Moja ni E5 v2, kwa hiyo Rocky 10 nimeshaifuta akilini.

Nimeamua hivi: mashine za wanafunzi nitatumia netinst na preseed, UEFI, LVM yenye /var, kisha skripti ya usafi kwa mpangilio wa MzeeNetinst. Za ofisi, ambazo hazina shida ya /var, imeji ya klaudi ya Binti. Limebaki moja. Nataka kloni tegemezi (linked clone, isiyonakili diski yote ya kiolezo) ili diski isijae, sasa kiolezo kitumike vipi kwenye seva zote mbili?

Binti_Terminali

Kloni tegemezi inatumia data ya kiolezo iliyo kwenye hifadhi ileile, kwa hiyo kwa hifadhi ya ndani kila seva lazima iwe na kiolezo chake. Kijenge kwenye moja, chukua bakapu kwa vzdump, hamishia faili kwa scp, upande wa pili `qmrestore faili.vma.zst 9001 --storage local-lvm`. Zikiwa klasta moja namba haziwezi kufanana, ndiyo maana nimeandika 9001.

Na kwenye jina weka tarehe ya ujenzi, mfano deb12-var-2025-09. Kiolezo chenye kloni tegemezi usikifute mpaka kloni zake ziondoke, kwa hiyo muhula ujao utakuwa na cha zamani na kipya vikikaa pamoja.