AC inazimwa kwa rimoti, mashine ya nje haizimi

upepo_kigamboni
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa AC ya ukutani, BTU 12,000, siyo inveta (ile inayobadili mwendo wa kompresa), gesi R410A. Nikizima kwa rimoti, mashine ya ndani inatii: taa inazima, mdomo unafunga, feni inasimama. Ya nje inaendelea kunguruma, feni na kompresa vyote. Baada ya kama nusu saa bomba nene la shaba linaota barafu na maji yanachuruzika ukutani. Betri za rimoti ni mpya. Bila kushusha breka haizimi, na yuniti za LUKU zinateketea. Fundi anasema ibadilishwe bodi (ubao wa saketi) nzima. Ni lazima? Multimita ninayo na naijua.

Rilei12V
Mkuu, kwanza kabisa usiiache ikiendelea hivyo. Feni ya ndani ikisimama, koili ya ndani (mabomba yanayopoza hewa) haipati hewa ya joto ya kugeuza gesi kuwa mvuke. Koili inaganda, na gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Kompresa hiyo imeundwa kubana mvuke; majimaji yanaosha oili kwenye beringi na ndipo inapokufa. Mpaka itengenezwe, breka ikae chini.

Dalili zako ni za rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kompresa iliyoshikana. Kwenye AC isiyo inveta huwa iko kwenye bodi ya mashine ya ndani: kiboksi kilichoandikwa 12VDC, na chini yake 20A au 30A 250VAC. Bodi ikitaka baridi huipa koili ya rilei volti 12, ncha zinakutana, umeme unaenda nje. Ncha zikiyeyuka na kuungana, bodi itaamuru kuzima mpaka ichoke, umeme haukatiki.

Pima hivi bila kifaa chochote: shusha breka, subiri dakika 5, pandisha bila kugusa rimoti. Kompresa ikiwaka papo hapo, jibu umepata. Bodi yenye rilei nzima husubiri amri, na hata ikiamriwa huichelewesha kompresa dakika 3 hivi ili presha za gesi zisawazike. Rilei iliyoshikana inaruka ulinzi huo wote, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa inalazimika kuanza huku imebanwa.

Kuhakikisha: breka chini, fungua kava, chomoa waya mnene kwenye rilei, pima ohm kati ya ncha zake mbili kubwa. Nzima husoma wazi, yaani umeme haupiti. Iliyoshikana husoma karibu na sifuri. Na usiigonge kwa mpini wa bisibisi. Inaweza kuachia, lakini uso wa ncha umeshachimbika na itashika tena.

upepo_kigamboni
Nimefanya yote mawili. Kompresa imewaka sekunde ileile, na ohm ni 0.2. Ninunue rilei tu?

lehemu_safi
Rilei ndiyo, bodi hapana, isipokuwa ukikuta njia za shaba zimeungua au kutu ya kijani ya chumvi imetambaa chini ya vipande. Kwa hewa ya bahari ya huko angalia vizuri, hata kwa tochi.

Rilei mpya ilingane vitu vitatu: volti za koili (12 kwa 12), ampea zisizopungua za zamani, na mpangilio wa miguu. Toa risasi ya kulehemu ya zamani yote kabla ya kuivuta, maana ukilazimisha utabandua njia ya shaba. Miguu inayobeba umeme wa kompresa ipewe risasi ya kutosha. Kiungo kilichokauka kinapata joto na kuunguza bodi.

Ukimaliza, usirudishe waya wa kompresa bado. Ufunge tepu, washa breka, sikiliza. Rilei isilie "tik" mpaka uombe baridi kwa rimoti na muda wa kuchelewa upite. Ikilia bila amri, kipande kinachoiendesha (mara nyingi chipu ya ULN2003) kimekufa. Kwako sitegemei hilo, kwa sababu ncha zimesoma 0.2 bila umeme wowote. Kosa ni la ncha zenyewe.

mgeni_mombasa
Samahani kuingilia. Yangu ni inveta, haizimi usiku kucha ingawa chumba kimeshakuwa baridi. Ni rilei pia?

Rilei12V
Hapana, ndugu. Inveta kwa kawaida hupunguza mwendo badala ya kuzima, kwa hiyo kunguruma polepole usiku kucha si ugonjwa. Kama inakwenda kasi na chumba kimepita nyuzi ulizoweka, pima sensa ya chumba, ile ndogo mbele ya koili. Nyingi ni kilo-ohm 10 kwa nyuzi 25, nyingine 5 au 15, angalia kitabu cha mashine. Ikisoma ohm pungufu, bodi inadhani chumba kina joto na haipunguzi. Ikiwekwa kwenye maji ya barafu inapaswa kupanda hadi karibu mara tatu.

kapasita35
Mkuu wa Kigamboni, mmetibu rilei, hamjauliza kwa nini ilishikana. Kompresa ya BTU 12,000 hutumia kama ampea 5 ikitembea, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Kapasita (kifaa cha mashine ya nje kinachoisaidia kompresa kuanza) ikichoka, kompresa inashindwa kuanza, inakaa kwenye umeme huo mkubwa mpaka kinga yake ikate, kisha inajaribu tena. Kila jaribio linachoma ncha za rilei. Ukiweka mpya na kuacha kapasita ileile, utarudi hapa.

Fungua mashine ya nje breka ikiwa chini. Toa chaji kwa rezista ya kilo-ohm 20, wati 5, sekunde kadhaa. Bisibisi isitumike. Chomoa waya zote mbili, pima.

upepo_kigamboni
Imeandikwa 35 µF 450V. Inasoma 22.

kapasita35
Hiyo imekwisha, chini ya 33 tayari ungeibadilisha. Nunua 35 µF, volti 450 au zaidi, isiwe ndogo wala kubwa kwa makadirio. Kabla ya breka weka gadi ya AC (kifaa cha kuilinda na umeme mbovu) yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, maana umeme ukirudi huwa unacheza kwanza.