Huyu Herakles kwenye bakuli la Kirumi walimchora vipi?

Kaskazi_Mvita: Salamu jamani. Jana nilikuwa Fort Jesus na mtoto wa dada yangu, tukaganda pale kwenye vigae na vyombo vya Kichina, kurudi nyumbani kijana akaanza kusaka vyombo vya kale kwa simu ndo akanionyesha bakuli jekundu la Kirumi, lang'aa, ubavuni jamaa amemkaba simba shingo. Nasikia ni Herakles wa Wagiriki. Sasa Warumi wamtakia nini shujaa wa watu? Na hiyo picha mbona imetuna?

Mfinyanzi wa Likoni: Kakangu, hiyo haikuchorwa, ni kalibu. Wagiriki ndo walikuwa wakichora kwa brashi, chombo kimoja kimoja. Hawa Warumi wagonga mihuri ndani ya kalibu ya udongo, huku simba huku shujaa, kalibu yachomwa, halafu watia udongo mbichi ndani juu ya gurudumu na kuukandamiza uingie kwenye zile alama. Ukikauka wanywea, chombo chajiachia chenyewe. Mimi natumia kalibu za plasta na ni vilevile, ukigonga kwa ukucha wasikia kishaachia. Wekundu watoka kwa udongo laini sana wanaouchovya kabla ya joko, na moto upate hewa ya kutosha, hewa ikikatwa chombo chageuka cheusi.

Maalim Historia: Niongeze hapo. Warumi walimchukua kabisa wakamwita Hercules, wakamjengea na mahekalu, kwa hiyo kwao hakuwa mgeni. Vyombo hivyo vilianza kusifika Arezzo, Italia, baadaye kusini mwa Ufaransa, La Graufesenque, ambako joko moja lilibeba maelfu ya vyombo kwa mpigo. Kinachonishika mimi ni bakuli la karakana ya Perennius pale Arezzo, Hercules kavaa nguo za kike yuko utumwani kwa malkia Omphale. Antonius, yule jemadari wa Kirumi, alikuwa akijinasibu kuwa wa ukoo wa Hercules, na Plutarchus, mwandishi wa Kigiriki, amemfananisha na Hercules huyo wa Omphale kwa vile Kleopatra, malkia wa Misri, alivyomteka, ndo maana wako wasomi wanaoliona bakuli hilo ni kijembe kwa Antonius, aliyeshindwa vitani Actium mwaka 31 KK. Kijembe mezani, watu wanywea divai!

Kaskazi_Mvita: Shukran sana wote wawili. Nimerudi kuikuza ile picha, upande wa pili kuna simba mwingine, na mkia umepinda vilevile, hata ufa mdogo wa sikioni uko palepale. Muhuri mmoja! Kijana hajalala mpaka saa hizi, ataka tutafute udongo kesho.

Mfinyanzi wa Likoni: Mlete, vukeni feri asubuhi. Udongo upo.