Kuingiza matokeo ya gofu ya zamani kwenye programu ya ligi: nani ameshapitia hapa?

KatibuJumamosi
Wadau, hamjambo. Mimi ni katibu wa kikundi cha gofu cha Jumamosi hapa Nairobi. Uwanja wetu wenyewe hatuna, tunahamahama: mwezi huu Vet Lab, mwezi ujao Royal, mara tumetoka hadi Ruiru. Matokeo tangu 2016 yako kwenye Excel, faili moja kwa kila mwaka, na kila katibu aliyepita alipanga alivyopenda. Za mwanzo zina jumla tu: grosi (mikwaju yote uliyopiga), handikapu (mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako), neti (grosi ukitoa handikapu). Kuanzia 2019 kuna mikwaju ya kila shimo. Halafu kuna 2020, ambayo ni picha za kadi kwenye WhatsApp, na moja ina doa la chai juu ya shimo la 7.

Sasa kamati imelipia programu ya ligi. Kwa mambo ya sasa sina neno: ratiba, makundi, alama, hata nani hajatoa ada. Balaa ni mambo ya zamani. Nimepakia 2019 kuijaribu, na shindano la tarehe 4 Mei limekwenda kukaa tarehe 5 Aprili, siku ya Ijumaa. Sisi Ijumaa tuko kazini! Mzee wetu mmoja amegawanyika akawa watu wanne, kwa sababu huku ni "Kamau J.", kule "J. Kamau", kwingine "Kamau Snr" na kwingine tena "Mzee Kamau". Za kuchujana ana kwa ana, pale tulipoandika 3/2, yaani ameongoza kwa mashimo matatu yamebaki mawili, sasa naambiwa ameshinda "3 Februari".

Hayo ningeyavumilia. Kilichonikosesha usingizi ni kombe la Desemba 2019. Mshindi alicheza na handikapu ya 24. Siku hizi ameiva, yuko 15. Programu imechukua hiyo 15, ikampunguzia mikwaju 15 badala ya 24, na bingwa ametupwa nafasi ya sita. Jina lake limechongwa kwenye kombe, na kombe liko sebuleni kwake. Nikiyachapisha haya matokeo, Jumamosi sitaonekana uwanjani.

Kuna njia, au niachane na ya kale?

MzeeWaNgongRoad
Anza upya. Nani atasoma habari za 2016?

Nyawira_Majedwali
Mzee, kwa heshima, watu watasoma. Ligi yetu ya ofisini, ukurasa wa matokeo ya zamani ndio unaofunguliwa kuliko yote, hasa na walioshinda.

Katibu, kabla hujagusa faili amua kwanza: unataka programu ihukumu yale mashindano, au iyatunze? Maana inajua kufanya yote mawili, na usipoiambia, itahukumu. Shindano likishafungwa na kombe likatoka, mimi silipeleki mahakamani tena. Kwa hiyo tafuta kwenye kiolezo cha faili safu ya handikapu ya siku ya mchezo. Mara nyingi ipo, ila si ya lazima, ndiyo maana watu huiacha tupu na programu inajijazia ya leo. Jaza ile ya siku ile kwa kila mchezaji, kila shindano. Kama safu hiyo haipo kabisa, pakia neti kama matokeo ya mwisho na uzime hesabu ya handikapu kwa mashindano hayo. Bingwa wako atarudi kwenye kiti chake.

Tarehe: programu imetengenezwa na watu wanaotanguliza mwezi. Ziandike zote hivi, 2019-05-04, mwaka mbele, hapo hakuna wa kuzisoma vibaya. Na wewe una bahati ambayo wengi hatuna, mnacheza siku moja tu. Weka safu ya pembeni yenye WEEKDAY, fomula ya Excel inayotaja siku ya wiki kwa namba. Jumamosi inatoa 7. Chochote kisicho 7, kifuate.

Za 3/2, Excel ndiyo iliyozigeuza, programu haina hatia. Kama kompyuta yako inatanguliza siku, namba zako bado zimo ndani ya tarehe: =DAY(A2)&"-"&MONTH(A2), nakili, bandika kama maandishi tu. Lakini ifanye hiyo safu kuwa ya maandishi kabla ya kubandika, la sivyo itakurudishia Februari.

KatibuJumamosi
Asante sana dada. WEEKDAY imenikamatia tarehe ambazo hata sikuzishuku. Kwa majina, nilifikiria kutumia namba ya simu iwe kitambulisho, kwa kuwa kila mtu ninayo yake ya M-Pesa. Sawa?

Nyawira_Majedwali
Usijaribu. Excel ikiona 07 inakula sifuri. Ukiandika kwa 254 inakuonyesha kitu kama 2.547E+11, na ukihifadhi CSV (faili la maandishi matupu la kupakia) hivyo hivyo, namba zilizofichika zimekwenda na hazirudi.

Wakili_wa_Kilimani
Hata zingerudi. Jedwali la ligi mara nyingi liko wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Ukianika simu za wanachama humo, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mpe kila mtu msimbo wake, herufi na namba, na orodha ya nani ni nani ikae kwako.

KediMstaafu
Katibu, nimebeba mifuko miaka mingi, kompyuta sizijui sana, lakini kadi nazijua. Angalia za msimu wa mvua. Aprili watu wanakimbilia baa wakiwa shimo la 13, na mwandishi wa kadi anajaza 0 kwa yale yaliyobaki. Kwa alama za Stableford, ambapo unapewa pointi kwa kila shimo, 0 ni sawa, maana yake hukupata kitu. Kwa mikwaju, 0 inamfanya mtu awe amemaliza mashimo matano bila kugusa mpira. Huyo atawashinda wote.

KatibuJumamosi
Baba, umeniokoa! Nimechungulia 2018 sasa hivi, kuna mtu ana grosi ya 58. Kwa yule ninayemfikiria, 58 anaifikisha akiwa bado yuko mbali na nyumbani.

Nyawira_Majedwali
Hahaha. Iache tupu au weka alama ya kutomaliza ambayo programu yako inaitambua, usiweke 0. Na kwa ile miaka ya jumla tu, andika nafasi mwenyewe: 1, 2, 3. Waliofungana mliwatenganisha kwa hesabu za kurudi nyuma: mashimo 9 ya mwisho, kisha 6, kisha 3, kisha la 18. Programu haina hayo mashimo, itawapanga kwa alfabeti au itawaita sare.

Jambo jingine, usichanganye historia na handikapu. Kwa mfumo wa dunia ulioanza 2020, handikapu ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za karibuni. Raundi ya 2016 ya mtu anayecheza kila wiki haina inachogusa, ni ya kumbukumbu tu. Kama mnataka programu iwahesabie ya ndani ya ligi (ile rasmi inabaki ya klabu yake), ingiza hizo 20 kwa uangalifu, na uandike walianzia tii (pa kupigia mkwaju wa kwanza) ya rangi gani. Mfano: umepiga 95, uwanja umekadiriwa 71.0 (mikwaju ya mchezaji hodari asiye na handikapu) na slopu, kipimo cha ugumu kwa wachezaji wa kawaida, ni 126. Toa 71.0, inabaki 24, zidisha kwa 113 (slopu ya uwanja wa wastani), gawa kwa 126, unapata 21.5. Ukikosea tii, makadirio na slopu vinabadilika, na 21.5 hiyo si yako tena.

MzeeWaNgongRoad
Kama mnaingiza kweli, basi 2017 mwiangalie vizuri. Kuna kombe nililonyang'anywa kwa hesabu za kurudi nyuma.

KatibuJumamosi
Mzee, 2017 imebaki na jumla tu. Umebaki wa pili.

Swali la mwisho: picha za 2020 naziandika kwa mkono, sawa, lakini ile ya doa la chai? Jumla inasomeka, 88. Naweza kutoa mengine 17 nipate la 7?

KediMstaafu
Jumla yenyewe nani aliijumlisha? Watu wamechoka, wana njaa, wanajumlisha vibaya kila wiki. Ujumlishe kwanza kadi za wenzake wa kundi lile. Zikiwa sawa, toa. Zikiwa na makosa, muulize aliyemwandikia, au ingiza jumla tu kama zile za 2017.

KatibuJumamosi
Nimejumlisha. Kadi mbili sawa, ya tatu imezidi mkwaju mmoja. Naingiza jumla.