Mtoto wa miezi 14 hajaanza kutembea: nisubiri au nimpeleke hospitali?

Mama wa Tabata
Habari za jioni, wanajamvi. Mwanangu wa kwanza ametimiza miezi 14 wiki iliyopita na bado hajatembea. Anakaa vizuri bila kuegemezwa, anajiinua kwa kushika kochi na husimama dede kidogo kabla ya kuanguka, lakini kutambaa kwa magoti hakuwahi; yeye husota kwa makalio mpaka kaptula zinatoboka. Mtoto wa jirani, waliyepishana kwa siku 10 tu, anakimbia uani. Mama mkwe, ambaye nisingependa kumkosea adabu, anataka tumchimbie kishimo kwenye mchanga tumsimamishe humo kila asubuhi, na mume wangu ameshanunua Kariakoo kigari cha kutembelea. Niongeze kwamba alizaliwa njiti, wiki 8 kabla ya siku ya makadirio, ingawa sidhani kama jambo hilo bado lina uzito.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, ulilolitaja mwisho ndilo lililopaswa kutangulia. Hatua za mtoto njiti huhesabiwa kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na hesabu hiyo hutumika mpaka afikishe takriban miaka 2. Kwa hiyo mwanao, kwa upande wa hatua, ana miezi 12 na siku chache. (Chanjo hazifuati hesabu hiyo, bali siku halisi ya kuzaliwa; usije ukachelewesha ile ya surua na rubela ya miezi 18.) Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Katika watoto hao, asilimia 4.3 hawakupitia kabisa kutambaa kwa mikono na magoti. Mtoto wa jirani, basi, si kipimo.

Mambo ninayokuomba uyaangalie ni mengine: je, miguu yake hukakamaa unapomvisha nepi, husimama kwa ncha za vidole tu, hutumia mkono mmoja na kuutelekeza mwingine, au kuna jambo alilokuwa akiliweza na sasa haliwezi?

Baba wa Kigamboni
Binti yetu wa pili naye alisota, akaenda tete akiwa na miezi 16. Kigari hicho, kaka akirudishe dukani ikiwezekana. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walioporomoka nacho ngazini, na wala hakifundishi kutembea, kwani mtoto hujisukuma kwa ncha za vidole bila kujifunza kubeba uzito wake.

Bibi wa Magomeni
Mama mkwe asidharauliwe. Mtoto kucheza pekupeku mchangani ni jambo jema, na mimi wangu wote walicheza; ila kumfukia asiweze kujinasua, hapana. Mwambie bibi akae naye mchangani, amshike mikono, kishimo kiachwe.

Mama wa Tabata
Ahsanteni. Maswali ya Muuguzi yamenifanya nimchunguze kutwa nzima ya leo. Kila kitu hupokea kwa mkono wa kulia. Nimemwekea biskuti upande wa kushoto mara tatu; mara zote ameuvusha mkono wa kulia, na ule wa kushoto umebaki umekunja ngumi. Nilikuwa nikijisifu kwamba hatakuwa shoto.

Muuguzi Mstaafu
Hapo jibu langu linabadilika. Kwa umri wake mikono yote miwili inapaswa kutumika, na upendeleo ulio wazi namna hiyo, hasa kwa aliyezaliwa njiti, unahitaji kuangaliwa wiki hii, pasipo kusubiri siku ya kupimwa uzito. Huenda isiwe kitu. Ikiwa ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri mkono na mguu wa upande mmoja wa mwili, mazoezi ya viungo yaanze mapema, kwani ubongo wa umri huu bado unajipanga. Anzia kliniki yako uombe rufaa ya kumwona daktari wa watoto; huduma za mazoezi ya viungo zipo katika hospitali za Muhimbili na CCBRT, Msasani. Beba kadi ya kliniki pamoja na karatasi aliyopewa alipotoka wodi ya njiti, na ikiwezekana mrekodi kwa simu akipokea hiyo biskuti, kwa maana mbele ya daktari watoto wengi hugoma.