Pikapu imeinama mbele, nataka kuisawazisha nifunge matairi makubwa. Naombeni ushauri

NjiaYaMawe
Wakuu habari zenu. Nina pikapu ya foo wili (inayovuta magurudumu yote manne), milango minne, mbele koili springi, nyuma zile springi bapa. Tangu niichukue inanikera kitu kimoja, imeinama mbele kama inanusa barabara. Nimepima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi: mbele sentimita 50, nyuma 55 na nusu. Matairi yaliyopo ni 265/65R17 (upana kwa milimita, urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, rimu kwa inchi), ninayoyatamani ni 285/70R17. Rimu nilizoonyeshwa ni za ofseti 0, za kwangu zimeandikwa ET30, yaani ofseti ya milimita 30 (namba ikipungua, gurudumu linatoka nje zaidi).

Muuzaji anasema nifunge spesa (vipande vya kuongeza urefu) za milimita 50 juu ya shokapu za mbele, pua itapanda sentimita 5, gari litakaa sawa na matairi yataingia bila kukata chochote. Hili ndilo gari linalobeba familia yangu, na mara nyingine linabeba mzigo wa kilo 400 hadi 500. Sitaki kubahatisha. Aliyewahi kufanya anielekeze kabla sijatoa hela.

Spana17
Mkuu, hizo spesa za 50 usizifunge. Chungulia shokapu yako kwa chini uone imeshikwa wapi: haiko kwenye gurudumu, iko karibu na katikati ya mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na chesisi. Ukiisukuma milimita 10 pale, gurudumu lililo mwisho wa mkono linashuka karibu 20. Kwa hiyo 50 zitakupa karibu sentimita 10, siyo 5.

Yalinikuta mimi. Fundi alinifungia spesa nene hivyo hivyo, nikafurahia gari lilivyosimama. Miezi michache baadaye nikaona grisi imetapakaa ndani ya rimu ya kushoto. Mpira wa CV jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu) ulikuwa umepasuka kwenye mikunjo, kwa sababu ekseli ilikaa imepinda muda wote hata nikienda moja kwa moja. Boli jointi za juu (viungo vya mkono na gurudumu) nazo zilikuwa zimefika mwisho wa kucheza kwake, na mkono wa juu ulishaanza kukwaruza koili. Nilitoa zote nikaanza upya.

MamaPikapu
Kaka, kabla ya spesa turudi kwenye vipimo. Kupima kutoka katikati ya rimu ni sahihi, maana upepo wa tairi hauingilii. Lakini usichukue mbele ukatoa kwenye nyuma ukasema hiyo ndiyo tofauti. Madigadi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa kwa urefu mmoja kiwandani. Chukua pima maji, uilaze chini ya mlango pale kwenye chuma kilichonyooka, gari likiwa mahali tambarare.

Jambo la pili, kuinama huko kumewekwa kwa makusudi. Ukipakia hizo kilo 500 nyuma inashuka, na gari linakaa sawa likiwa na mzigo. Ukiisawazisha kabisa likiwa tupu, siku ya mzigo pua itaangalia juu, taa zitawapiga wenzako machoni na usukani utakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Mimi gari langu nililiachia mwinamo wa sentimita moja na nusu na sijajuta.

NjiaYaMawe
Dada nashukuru sana. Nimetoka kupima sasa hivi. Pima maji yangu ina urefu wa mita moja. Ili povu likae katikati imenibidi niinue ncha ya mbele milimita 12. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 3.1. Kwa hesabu yangu mwinamo halisi ni milimita 37.

MamaPikapu
Sawa kabisa. Toa zile 15 za mzigo, unabaki na 22 za kuinua. Hiyo ni spesa ya milimita 11 au 12 juu ya shokapu, siyo 50.

Tope_Lami
Samahani kwa kuingilia, mimi yangu ni ya zamani, mbele hakuna koili, ni tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi). Nasikia unakaza bolti tu inapanda. Ni kweli?

Spana17
Kweli, ndiyo maana wengi wanapitiliza. Hilux nyingi za foo wili za kabla ya 2005 na Ranger za kabla ya kizazi cha 2011 ziko hivyo. Inua gari kwanza ili baa ilegee, hesabu mizunguko ya bolti kushoto na kulia, kisha endesha kidogo ndipo upime, kwa sababu likitoka kwenye jeki linakuwa bado halijatulia. Gari likianza kugonga kila shimo, watu husema baa imekuwa ngumu. Baa haijabadilika. Umekula nafasi ambayo gurudumu lilikuwa linashukia, sasa mkono unagonga raba ya juu, ile inayozuia gurudumu lisishuke zaidi, kila mara. Rudisha mizunguko kadhaa.

MzungukoKamili
Mkuu NjiaYaMawe, mimi naona watu wamejibu la kuinua lakini la matairi bado, na hapo ndipo hela inapopotea.

Tairi lako la sasa lina kipenyo cha milimita 776. 285/70R17 ni 831. Maana yake linaongezeka 27 juu na 27 kila upande, mbele na nyuma ya ekseli. Halafu upana unaongeza 10 kwa nje, na rimu ya ofseti 0 inalisukuma lote 30 zaidi. Jumla 40 nje. Ukikata kona, tairi lililotoka nje kiasi hicho halizunguki mahali pake, linachora duara kubwa. Linakwenda kugusa bampa kwa mbele na ule ukuta wa nyuma ya gurudumu, karibu na mlango.

Na hili naomba lisomwe taratibu: kuinua pua hakuongezi nafasi gurudumu linapopanda hadi mwisho. Gari likiwa limesimama utaona uwazi mzuri, lakini ukiingia kwenye shimo kwa kasi, mkono unapanda mpaka raba ya chesisi inayouzuia, ileile iliyokuwepo tangu kiwandani. Tairi linafika palepale. Kwa hiyo usipime gari likiwa limesimama tu.

Pima hivi. Chesisi ikae kwenye stendi imara, siyo jeki peke yake. Toa shokapu na koili yake kama kitu kimoja, ile nati ya katikati juu usiiguse kabisa, koili imebanwa pale na inaweza kuua. Azima tairi moja la saizi unayotaka, lifunge, kisha inua mkono wa chini kwa jeki taratibu mpaka uguse raba. Mtu akate usukani mwisho kulia, mwisho kushoto, wewe ukiangalia kwa tochi. Pakaa chaki kwenye plastiki za ndani, utaona limegusa wapi.

NjiaYaMawe
Nimerudi baada ya wiki. Nilimpata rafiki mwenye 285/70 kwenye rimu zinazokaribia hizo za ofseti 0, tukafanya kama MzungukoKamili alivyosema. Mkono ulipopanda na usukani ukakatwa, tairi lilifuta chaki yote kwenye kona ya chini nyuma ya gurudumu, halafu likakaa kwenye chuma chenyewe, usukani ukagoma kama robo ya mzunguko kabla ya mwisho. Hiyo siyo plastiki ya kukata kwa kisu. Ningekuwa nimenunua manne.

Tukajaribu 265/70R17 kwenye rimu yangu ya ET30. Limepita kote, sehemu nyembamba kidole changu kidogo kinaingia. Nimeamua hilo.

MzungukoKamili
Safi. Kipenyo chake ni 803, spidi ikisoma 100 utakuwa unakwenda kama 103. Kwa 285 ingekuwa 107.

Spana17
Siku ya kufunga, bolti za bushi (viungo vya raba) za mikono zilegeze na uzikaze mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, raba ya bushi inakaa imejipinda na itachanika mapema. Angalia pia mipira ya breki isivutike gurudumu likining'inia. Baada ya hapo alaimenti, na mwambie fundi aangalie kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona), siyo kunyoosha usukani tu, kwa sababu ukiinua pua kasta inapungua na gari linaanza kutangatanga kwenye mwendo. Taa kubwa zishushwe. Nati za rimu zikazwe tena ukishatembea kama kilomita 80.

MamaPikapu
Kaka, na ununue matano, la akiba likiwemo. Foo wili haitaki tairi la saizi tofauti, utaumiza difu. Hilo la tano lijaribu kabisa pale chini ya bodi kabla hujaondoka dukani, kuna magari ambayo mnyororo unalivuta halafu linagota kwenye ekzosi.